Jiwe kwa Ajili ya Adui

Katika makaburi ya kijeshi ya Hürtgen, magharibi mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Ubelgiji, wamezikwa watu 3,001. Wengi wao ni wanajeshi wa Kijerumani waliokufa katika miezi ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hapo hapo pana jiwe la kumbukumbu ambalo Wajerumani hawakuliweka. Liliwekwa na Wamarekani, tarehe 7 Oktoba 1994, kumkumbuka ofisa wa jeshi ambalo wao wenyewe walikuja pale kulipiga risasi. Maandishi yake ni ya Kiingereza na Kijerumani, na yanaanza kwa mstari ambao kila aliyekulia kanisani atadhani anaujua, ule wa Injili ya Yohana kuhusu mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Wazee walioagiza jiwe hilo waliwaondoa marafiki, wakamweka adui.

Baada ya hapo jiwe linazungumza kama ripoti ya jeshi. Luteni Friedrich Lengfeld, kombania ya pili, batalioni ya fusilia, Divisheni ya 275 ya Askari wa Miguu. Tarehe 12 Novemba 1944. Alikufa akijaribu kumwokoa askari wa Kimarekani aliyekuwa amelala na majeraha mabaya katika uwanja wa mabomu ya ardhini uitwao Wilde Sau, nguruwe mwitu jike, akiomba msaada. Mwisho limetajwa jina la chama cha wapiganaji wa zamani waliolisimamisha, nalo limemaliza.

Kumbukumbu za vita zimejaa duniani, na karibu zote zinamlilia wa kwetu. Za kumlilia wa kwao ni chache mno, na zilizowekwa na askari wenyewe, wale waliolala kwenye tope lile lile, ni chache zaidi. Ndiyo maana jiwe hili linastahili kuangaliwa pamoja na msitu wake.

Msitu wa Hürtgen ni wa misonobari iliyopandwa kwa kusongamana, juu ya vilima vilivyokatwa na mabonde membamba. Wamarekani waliuingia Septemba 1944 wakiamini wako karibu kumaliza vita. Paris ilikuwa imekombolewa, Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma, na mto Rhine ulionekana hauko mbali. Walikwama humo hadi Februari 1945. Inakadiriwa kuwa Wamarekani wapatao 33,000 waliuawa, walijeruhiwa au waliangushwa na maradhi, baridi na uchovu. Wajerumani nao walipoteza watu kwa maelfu kama hayo. Vifaru havikuwa na pa kupita, ndege hazikuona cha kulenga, na ubora wote wa Wamarekani katika zana uliishia ukingoni mwa miti.

Miti yenyewe ilikuwa silaha. Mwanajeshi yeyote hufundishwa kwamba akisikia kombora la mzinga linakuja alale chini kifudifudi. Hürtgen, kombora lilipasuka likigonga vilele vya misonobari, na vipande vya chuma na vya mti vikamiminika kutoka juu. Aliyelala alikuwa amevitandazia mgongo mzima. Waliobaki hai walijifunza haraka kusimama wima wakiukumbatia mti, au kuchimba handaki na kulifunika kwa magogo.

Chini ya miguu kulikuwa na mabomu ya kutegwa. Lililochukiwa zaidi liliitwa Schü-mine, kisanduku kidogo cha mbao chenye gramu 200 za baruti kali. Kwa kuwa ni cha mbao, mashine za kunusa chuma zilipita juu yake bila kulia. Halikuwa bomu la kuua moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa kukata mguu. Aliyelibuni alipiga hesabu ya kikatili lakini sahihi, kwamba maiti haimsumbui mtu, ila majeruhi anapiga kelele. Atakuja mwenzake, atakuja tabibu, watakuja wabeba machela wanne, na kila mmoja wao atakanyaga ardhi ile ile. Kwa maneno mengine, silaha hii ilitegemea huruma ili ifanye kazi vizuri. Bila watu wa kuitikia mwito wa anayelia, ingekuwa kisanduku cha kumkata mtu mmoja mguu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomkuta Lengfeld, isipokuwa mtegaji hakufikiria kwamba atakayeitikia angetoka upande wake mwenyewe.

Alikuwa na miaka 23. Kombania yake ilikuwa imekwisha kupungua sana, na watu wake walikuwa wakigombea na Wamarekani nyumba ya bwana miti iliyokuwa gofu tayari. Waliipoteza, kisha wakaichukua tena asubuhi ya tarehe 12. Mapigano yalipotulia wakasikia sauti kutoka ndani ya uwanja wa mabomu. Mmarekani mmoja alikuwa ameachwa humo wakati wenzake wakirudi nyuma, na alikuwa akiita kwa Kiingereza kwamba asaidiwe.

Tunayajua haya kwa sababu ya mtu mmoja, tarishi wa Lengfeld, kijana aliyekuwa akipeleka amri zake huku na huku na ambaye alisimulia akiwa mzee. Katika maelezo yake, tendo la kwanza la luteni halikuwa kwenda. Lilikuwa kuamuru bunduki zinyamaze. Alidhani, kama ambavyo ungedhani wewe, kwamba Wamarekani watakuja kumchukua mtu wao. Basi akamtuma tarishi kwa wapiga bombomu, kwamba wakiwaona matabibu wa Kimarekani wakija, wasifyatue. Kisha wakangoja.

Hakuja mtu. Sauti ikaendelea kwa saa kadhaa. Mimi kipande hiki cha kungoja ndicho ninachokirudia kila ninaposoma habari zile, kwa sababu kinaondoa ule urahisi wa kumwita Lengfeld malaika. Alijaribu kwanza njia ya busara, isiyomgharimu mtu wake hata mmoja. Njia hiyo iliposhindikana, na majeruhi bado anaita, ndipo alipofika pa kuamua.

Majira ya saa nne na nusu asubuhi aliwachukua wahudumu wa majeruhi, wakiwa na alama za Msalaba Mwekundu, wakashuka kufuata barabara. Mabomu ya kutegea vifaru yaliyokuwa barabarani yalionekana, yakakwepeka. Lengfeld alitangulia. Alipoacha barabara ili kumwendea yule Mmarekani upande wa pili, bomu la kutegea watu likalipuka. Mgongoni mwake kulikuwa na matundu mawili, na ndani aliumia vibaya zaidi. Wenzake wakambeba. Akafa jioni ile ile katika kituo cha matibabu cha kijiji cha Froitzheim. Kaburi lake liko Düren-Rölsdorf, si hapo lilipo jiwe. Majeruhi aliyemwendea hakufikiwa, na jina lake halimo katika maandishi yoyote ya kumbukumbu hii.

Kwa kipimo cha jeshi, basi, operesheni ilishindwa kabisa. Ofisa amekufa, majeruhi amebaki pale pale. Hakuna nishani inayotolewa kwa matokeo ya namna hiyo, na Lengfeld angebaki jina moja katika orodha ndefu ya waliokufa Novemba 1944, kama si Mmarekani aitwaye John Ruggles.

Ruggles, aliyewaongoza wazee wa rejimenti yake kulisimamisha jiwe, alistaafu akiwa meja jenerali. Mwaka 1944 alikuwa ofisa wa pili kwa cheo katika Rejimenti ya 22 ya Askari wa Miguu, ile aliyotembea nayo mwandishi Ernest Hemingway. Sasa angalia tarehe. Rejimenti ya 22 ilianza mashambulizi yake msituni tarehe 16 Novemba, siku nne baada ya kifo cha Lengfeld. Aliyelia ndani ya uwanja wa mabomu hakuwa mtu wao. Hawakuwa na deni lolote kwa luteni yule. Walichokuwa nacho ni msitu wenyewe. Katika siku 18 walipoteza watu zaidi ya 2,700 kwa kuuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kuugua, kutoka katika rejimenti iliyoingia na watu kama 3,200. Waliobaki walizeeka wakijua sauti ya majeruhi aliyeachwa katikati inakuwaje, na wakijua pia ni mara ngapi mtu huisikia asiende.

Mimi naona hapo ndipo uzito wa jiwe ulipo. Raia angeweza kulisimamisha kwa kupenda hadithi nzuri, na mwanasiasa kwa kutafuta picha ya kupeana mikono. Hawa walikuwa watu wanaojua bei ya bidhaa. Miaka hamsini baadaye walipopelekewa simulizi ya Mjerumani aliyeitikia, waliiona kuwa kubwa kuliko walivyoweza kuinyamazia.

Kilomita chache kutoka hapo kuna kumbukumbu nyingine, na hadithi yake imekwenda tofauti.

Kati ya kijiji cha Vossenack na kile cha Kommerscheidt ardhi inaporomoka hadi kijito cha Kall. Tarehe 2 Novemba 1944 Divisheni ya 28, ya Walinzi wa Taifa wa jimbo la Pennsylvania, ilitumwa kuvuka bonde lile na kuuteka mji mdogo wa Schmidt. Njia pekee ilikuwa ya mikokoteni, nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine genge. Vifaru viliacha minyororo yake humo na kuziba njia. Schmidt ilichukuliwa tarehe 3, ikapotea tarehe 4. Kwa siku zilizofuata divisheni ilikuwa ikirudi nyuma kupitia bonde lile lile, na hasara yake ilizidi watu 6,000. Nembo ya divisheni ni jiwe jekundu la kilele cha tao, alama ya Pennsylvania; vitani ikaja kuitwa ndoo ya damu.

Majeruhi walirundikana katika banda la magogo lililochimbwa ubavuni mwa kilima, kando ya njia. Wajerumani walikuwa wamekwisha kulizunguka. Hapo ndipo alipoingia Günter Stüttgen, kapteni na daktari wa rejimenti moja ya Divisheni ya 89 ya Ujerumani. Kati ya tarehe 7 na 12 Novemba alipatana na Wamarekani, zaidi ya mara moja, kusimamisha mapigano kwenye daraja la Kall ili majeruhi wa pande zote mbili waondolewe. Hakuna jenerali aliyeagiza. Matabibu wa Kijerumani na wa Kimarekani walifunga vidonda bega kwa bega, wabeba machela wakapita katikati ya mistari miwili ya bunduki zilizonyamaza, na maisha ya Wamarekani wengi yakaokoka. Muda ulipokwisha, vita vikaendelea.

Tendo la Stüttgen halikuwa la mtu mmoja kujitosa. Lilikuwa mapatano ya watu wa taaluma moja, nalo lilikuwa na mguu wa kisheria wa kusimamia. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 kuhusu majeruhi ulikwisha kusema kwamba hali ikiruhusu, pande zinazopigana katika eneo zipatane kusimamisha risasi ili waliolala kati ya mistari waondolewe. Ujerumani na Marekani zote zilikuwa ndani ya mkataba huo. Kilichokosekana kwa kawaida ni mtu wa kuthubutu kuutekeleza wakati makombora yanaanguka. Stüttgen baadaye alikuwa profesa wa magonjwa ya ngozi mjini Berlin, na kwa miongo mingi hakuna aliyemjua kwa jambo hilo. Wapennsylvania ndio waliomtafuta. Mwaka 1996 gavana wa jimbo lao alimpa heshima, mchoraji Robert Nisley akaichora siku ile darajani, na mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya daktari kufariki, sanamu ya Michael Pohlmann ikawekwa kwenye daraja la Kall kukumbuka mapatano yale.

Jambo moja la kando, ambalo siwezi kuliruka. Wakati Divisheni ya 28 ikipokea huruma ya daktari wa adui kule darajani, nyuma kidogo katika mji wa Rötgen ilikuwa ikiendesha kesi. Tarehe 11 Novemba 1944, siku moja kabla ya Lengfeld kuingia Wilde Sau, mahakama ya kijeshi ya divisheni ilimhukumu kifo askari wake Eddie Slovik, aliyekimbia mstari wa mbele na kuandika kwa mkono wake kwamba akirudishwa atakimbia tena. Eisenhower aliithibitisha hukumu hiyo. Slovik alipigwa risasi na askari wa divisheni yake mwenyewe tarehe 31 Januari 1945, Mmarekani wa kwanza na wa pekee kuuawa kwa utoro jeshini tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19. Makamanda wake walidhani kumwachia Slovik kungewafundisha wengine kukimbia. Huenda walikuwa na hoja. Lakini majira yale, katika msitu ule, kumsamehe mtu wa upande wako kulionekana hatari kuliko kumwachia adui achukue majeruhi wake.

Sasa nije kwenye upande ambao wapenda kumbukumbu hizi huuepuka.

Kwa miaka mingi jiwe la Lengfeld limetumika. Wanajeshi wa Ujerumani ya leo na wageni wa Kimarekani wamelikusanyikia mwezi Novemba, mashada yakawekwa, hotuba zikatolewa. Na kwa miaka ya karibuni wanahistoria wa Kijerumani wameanza kuuliza swali lenye mwiba: luteni mmoja mwema anapokumbukwa kila mwaka, nani mwingine anasafishwa kwa maji hayo? Baada ya vita, jeshi la Hitler lilijitengenezea sifa ya usafi. Ilisemekana uovu ulikuwa wa vikosi vya SS na wa chama cha Nazi, na askari wa kawaida alipigana kiungwana tu. Utafiti wa miongo kadhaa umeivunja hadithi hiyo. Jeshi lilishiriki katika mauaji ya raia na Wayahudi upande wa mashariki, likawaacha wafungwa wa vita wa Kisovyeti wafe kwa njaa na baridi. Kati ya wafungwa hao milioni 5.7, zaidi ya milioni 3 walikufa.

Na mwiba huo hauko mashariki ya mbali peke yake. Katika makaburi ya Vossenack, mwendo mfupi kutoka Hürtgen, amelala Walter Model, kamanda mkuu wa majeshi ya Kijerumani katika eneo hili, kati ya askari wake, kaburi lake kama la yeyote. Sanamu nyingine hapo jirani, iliyosimamishwa kwa ajili ya Divisheni ya 116 ya vifaru, inaonyesha askari akimsaidia mwenzake aliyejeruhiwa. Sura ni ile ile ya huruma, lakini mlengwa ni wa kwetu, na maveterani wenyewe ndio waliojijengea.

Halafu kuna Rurberg, katika vilima hivi hivi vya Eifel. Huko wamezikwa zaidi ya raia 2,300 wa Umoja wa Kisovyeti, wafungwa wa vita na watu walioletwa kwa nguvu kufanya kazi, waliokusanywa baada ya vita kutoka makaburi mbalimbali ya mkoa. Hawa hawakufia mapiganoni. Walikufa wakiwa mikononi mwa Wajerumani, bila silaha, wakati Mkataba wa Geneva ukiwekwa kando kwa kisingizio kwamba nchi yao haikuridhia ule unaohusu wafungwa. Jeshi lile lile la Stüttgen ndilo lililoendesha kambi za wafungwa hao. Mmarekani aliyeita kutoka Wilde Sau aliita kwa lugha ambayo Mjerumani wa 1944 alikuwa hajafundishwa kuidharau kama alivyofundishwa kukidharau Kirusi. Hilo halimpunguzii Lengfeld chochote. Linatuambia tu kwamba huruma iliyoonekana katika msitu huu ilikuwa na mpaka, na mpaka ulichorwa na serikali kabla askari hajaamua lolote.

Huenda mtu akataka jiwe liondolewe. Mimi sioni kosa ndani ya jiwe. Ruggles na wenzake hawakulisifu jeshi wala bendera, na hawakusema Wajerumani walikuwa hivi au vile. Walitaja mtu, kombania yake, siku na tendo. Kinachopaswa kupunguzwa ni hotuba zinazolizunguka, hasa zile zinazochukua asubuhi moja ya mtu mmoja na kuwagawia wenzake wote.

Kama ningekuwa mwalimu wa historia katika mkoa ule, nikipewa basi la wanafunzi na siku moja, nisingewapeleka Hürtgen kwanza. Ningeanza Rurberg, wasome tarehe na waulize wale watu walifanya nini hadi wakafa. Kisha Kall, waiteremke ile njia kwa miguu, maana hakuna maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya magoti yako kwenye mteremko ule. Hapo ningewaeleza mkataba wa 1929, nani aliutii, kwa ajili ya nani, na kwa nani ulitupwa. Alasiri ndipo tungefika kwa Lengfeld, nao wangekuwa tayari na swali ambalo watalii wengi hawaji nalo: alikuwa amefanya vya kutosha aliposimamisha bunduki, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuishia hapo. Kwa nini aliondoka kwenye barabara?

Sidhani mwalimu yeyote ana jibu. Lakini darasa linalobishana juu ya swali hilo ndani ya basi, njia nzima ya kurudi Düren, litakuwa limelisoma lile jiwe vizuri kuliko mashada mengi yaliyowahi kuwekwa chini yake.